Asteroidi Apophis, Hofu ya Mwisho wa Dunia na Kazi ya Mhubiri

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, siku kumi na mbili baada ya Pasaka, jiwe la angani lenye upana upatao mita 340 litapita kiasi cha kilometa 32,000 tu juu ya uso wa dunia. Umbali huo ni mdogo kuliko ule wa setilaiti zinazorusha matangazo ya televisheni, ambazo huzunguka kwenye kimo cha kilometa 36,000 hivi. Wataalamu wameliita jiwe hilo Apophis, na tangu mwezi Machi 2021 wamekwisha kuthibitisha kwamba halitaigonga dunia siku hiyo, wala katika muda wa miaka mia moja inayofuata. Hata hivyo, mchungaji ye yote anayeufahamu usharika wake anaweza kukisia yatakayotokea kadiri siku hiyo inavyokaribia. Patatokea mtu mwenye kipaza sauti sokoni. Patatokea kijikaratasi chenye aya za Ufunuo na picha ya moto. Na mshiriki mmoja mwaminifu, pengine mama mjane mwenye shamba la mahindi, atakuja ofisini kuuliza kama kuna faida ya kupalilia.

Makala hii inakusudia kumsaidia mchungaji, mwinjilisti na mwanafunzi wa theolojia kumjibu mama huyo. Si jambo la kucheka. Ni kweli kwamba mawe huanguka kutoka angani, na ni kweli kwamba Bwana wetu alisema juu ya ishara katika jua, mwezi na nyota. Anayeidharau hofu ya washarika hataisikia. Na anayeitumia hofu hiyo ili kujaza kanisa amekwisha kuacha kuihubiri Injili.

Hesabu inayopanda kabla ya kuanguka

Apophis iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 na wanaastronomia waliokuwa kwenye kituo cha darubini cha Kitt Peak, Arizona, Marekani. Ilipotea machoni kwa miezi kadhaa, ikaonekana tena mwezi Desemba, na hapo ndipo hesabu zilipoanza kutisha. Kufikia tarehe 27 Desemba uwezekano wa jiwe hilo kuigonga dunia mwaka 2029 ulihesabiwa kuwa asilimia 2.7, yaani mara moja katika 37. Kwa kipimo cha Torino, ambacho hupanga hatari za namna hii kuanzia 0 hadi 10, Apophis ilipewa 4, daraja ambalo hakuna jiwe jingine lililopata kulifikia. Siku hiyo hiyo zikapatikana picha za zamani, zilizopigwa mwezi Machi 2004 bila mtu kulitambua jiwe ndani yake. Njia yake ikahesabiwa upya, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka.

Mtu wa kawaida aliyeyasikia haya aliona kwamba wataalamu walisema, wakageuka, wakajikana. Wengine wakasema wamefichwa jambo. Kwa hiyo yafaa mhubiri aelewe jinsi hesabu hizi zinavyofanya kazi, maana neno "uwezekano" lina maana tofauti na neno "utabiri".

Tuseme mbuzi amepotea katika shamba la ekari mia, na katikati ya shamba hilo kuna kisima kilicho wazi. Mwanzoni, uwezekano wa kwamba mbuzi ametumbukia kisimani ni mdogo, kwa sababu shamba ni kubwa na kisima ni kidogo. Watoto wakimtafuta upande wa mashariki wasimwone, eneo linalobaki limepungua, wakati kisima kiko pale pale; basi hofu ya kisima inaongezeka. Wakimaliza upande wa kaskazini bila kumwona, inaongezeka tena. Mbuzi hajasogea hata hatua moja kukielekea kisima. Kilichobadilika ni maarifa ya wanaomtafuta. Kisha mtoto mmoja anamwona akila majani chini ya mkorosho, na uwezekano ule uliokuwa ukipanda tangu asubuhi unakuwa sifuri kwa dakika moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Apophis. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa asteroidi iitwayo 2024 YR4, iliyogunduliwa kwa darubini iliyoko Chile tarehe 27 Desemba 2024. Uwezekano wake wa kuigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, na ukanda wa mahali ambapo lingeweza kuanguka ulipita juu ya sehemu za bara letu la Afrika. Kabla ya mwezi huo kwisha uwezekano ulikuwa umeshuka chini sana ya asilimia moja, na jiwe likaondolewa katika orodha ya hatari kwa dunia.

Hapa lugha yetu yenyewe imechangia mkanganyiko. Tangu zamani watu wa pwani wamesema juu ya "kupiga falaki", na neno "mnajimu" limetumika kwa anayezitazama nyota ili kujua mienendo yake na kwa anayezitazama ili kumwambia mtu kama safari yake itafanikiwa. Asteroidi inapotangazwa na "wanajimu" redioni, msikilizaji huichukua habari hiyo kwa sikio lile lile analomsikilizia mpiga ramli. Mwanaastronomia anayesema "asilimia tatu" hatabiri kitu. Anakiri kadiri ya asichokijua, na kesho atapima tena.

Lakini tusivuke mpaka na kuwaambia watu kwamba hakuna hatari kamwe. Karibu na Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu upatao mita tatu na uzito unaokadiriwa kuzidi tani 10. Wanafunzi hupelekwa kukiona, na hukigusa kwa mkono. Huko Tunguska, Siberia, tarehe 30 Juni 1908, mlipuko wa jiwe angani uliangusha miti katika eneo la kilometa za mraba zaidi ya 2,000. Na tarehe 15 Februari 2013, juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, jiwe la mita 20 hivi lililipuka bila mtu ye yote kuwa ameliona mapema, kwa kuwa lilitokea upande wa jua. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo: walikuwa wamekimbilia madirishani kuutazama mwanga, na kishindo kikafika baadaye.

Nyota iitwayo Pakanga

Aya inayotajwa mara nyingi zaidi katika mahubiri ya hofu ni Ufunuo 8:10-11, habari ya nyota kubwa inayoanguka juu ya theluthi ya mito na chemchemi, nayo inaitwa Pakanga. Wako wahubiri, hasa huko Marekani, waliokwisha kuandika kwamba nyota hiyo ndiyo Apophis. Jina la jiwe hilo limewasaidia, kwa sababu Apophis ni nyoka wa giza ambaye, katika dini ya Misri ya kale, alishindana na mungu wa jua kila usiku. Ila jina hilo lilichaguliwa na wagunduzi mwaka 2005, na halikuandikwa juu ya jiwe. Isitoshe, aya hii imekwisha "kutimia" mara nyingine: baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, wengi walitangaza kwamba Pakanga imeanguka, kwa kuwa jina la mji ule ni jina la mmea wa jamii ya pakanga. Aya inayotimia upya kwa kila habari ya gazeti inakuwa kama nguo isiyo na mwenyewe.

Mfafanuzi mwangalifu ataanza na kitabu chenyewe. Katika Ufunuo 1:20 nyota ni malaika wa makanisa. Katika 9:1, mistari michache tu baada ya Pakanga, nyota nyingine iliyoanguka inapewa ufunguo, nayo inafungua kuzimu. Jiwe halipokei ufunguo. Yohana anaandika kwa lugha ya manabii, na pakanga yake inatoka kwa Yeremia. Katika Yeremia 9:15 wanaolishwa pakanga ni watu waliowafuata Mabaali. Katika 23:15 ni manabii wa Yerusalemu, waliowatumainisha watu kwa maono ya mioyo yao wenyewe. Mhubiri anayeitumia Pakanga kupiga hesabu za tarehe angefanya vema kuisoma sura hiyo ya 23 yote, polepole, kabla ya kupanda mimbarani.

Mchungaji aliyejua hesabu

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuwanyoshea wengine kidole, kwa maana jambo hili lilitokea nyumbani mwetu mapema sana. Kwa ajili ya mwezi Februari 1524 wanajimu wa Ulaya walikuwa wametangaza kwamba sayari zitakutana katika kundi la Samaki na kuleta gharika. Vijitabu vingi vilichapwa, na watu wakaogopa maji. Gharika haikuja. Mwaka uliofuata wakulima wa Ujerumani waliasi na kuuawa kwa maelfu, na jambo hilo hakuna mnajimu aliyekuwa ameliona nyotani. Luther alilikumbusha hilo kwa dhihaka katika mazungumzo yake ya mezani, hasa kwa sababu rafiki yake Melanchthon aliupenda unajimu.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumfanya Luther kuwa mtu wa karne yetu. Katika mahubiri yake ya Majilio yaliyochapwa mwaka 1522, juu ya Luka 21, alizichukulia ishara za mbinguni kwa uzito, na aliamini kwamba siku ya mwisho i karibu. Nyota-mkia ya mwaka 1531, ambayo leo twajua ilikuwa ile ya Halley, aliiona kuwa haileti jema. Alichokikataa kwa nguvu ni kitu kimoja: kuijua tarehe.

Na tarehe ilikuja kutoka kwa mchungaji wake mwenyewe. Michael Stifel, mtawa wa zamani aliyekuwa mchungaji wa Lochau, karibu na Wittenberg, alikuwa hodari wa hesabu. Aligeuza herufi za maneno ya Biblia kuwa tarakimu, akajumlisha, akatangaza kwamba Kristo atarudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimwonya, asisikie. Wakulima waliacha kazi zao na kula akiba zao. Watu wakatoka hata nje ya usharika wake kuja kungoja pamoja naye. Saa mbili ikapita. Stifel alikamatwa na kupoteza usharika, na kama si Luther na Melanchthon kumwombea huenda angepata adhabu kubwa zaidi. Mwaka 1535 alipewa usharika mwingine, Holzdorf, akarudi kwenye hesabu za kweli, na mwaka 1544 akatoa kitabu cha hesabu ambacho wanahistoria wa elimu hiyo wanakiheshimu hadi leo.

Kisa hiki kinafundisha zaidi ya kuchekesha. Stifel hakuwa mjinga wala tapeli. Aliipenda Biblia, alijua kujumlisha, na aliwapenda watu wake. Kosa lake lilikuwa kumpa mwenye njaa ya uhakika chakula ambacho Baba amekiweka mbali na Mwana mwenyewe, kama isemavyo Marko 13:32. Walioumia ni wakulima wa Lochau, walioukabili majira ya baridi bila akiba.

Katika nyakati zetu madhara yamekuwa makubwa zaidi. Mwezi Machi 1997, huko California, watu 39 walijiua pamoja wakiamini kwamba nyuma ya nyota-mkia ya Hale-Bopp kulikuwa na chombo cha kuwachukua. Na jirani kabisa, Kanungu nchini Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililokuwa limefundishwa kwamba dunia ingekoma mwishoni mwa mwaka 1999 waliteketea katika jengo lao la ibada tarehe 17 Machi 2000; wengi walikuwa wamekwisha kuuza mali zao. Tarehe ikipita, anayeamini hurudi kwenye nyumba isiyo na kitu, na aliyeitangaza hulazimika kutafuta neno jingine la kusema.

Mnara wa Siloamu

Je, mama yule ajibiwe nini? Andiko linalofaa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, halina nyota ndani yake. Ni Luka 13:4-5, habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yesu anaulizwa juu ya maafa, naye anakataa mambo mawili kwa pamoja. Anakataa kusema kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Mawe yaliyoanguka hayakuwa hati ya hukumu yao. Anakataa pia kuwahakikishia wasikilizaji kwamba wao hawataangukiwa na kitu. Anawaita kutubu, wao waliosimama mbele yake, siku hiyo. Hakuna tarehe na hakuna bima. Mchungaji anayemwahidi mshiriki kwamba imani itamkinga na kila jiwe amekwenda mbali kuliko Bwana wake.

Luka 21:25-28, ambako jua, mwezi na nyota vinatajwa, kwapasa kusomwa hadi mwisho wake. Watu wa mataifa wanazimia kwa hofu. Wanafunzi wanaambiwa wajiinue na kuinua vichwa vyao, kwa sababu anayekuja ni yule wanayemfahamu. Eskatolojia ya Agano Jipya ni kumngoja Mtu. Kanisa likifundisha kungoja mgongano limebadili jina la anayengojewa.

Pamoja na hayo, katika mafundisho ya Kilutheri Mungu huutunza ulimwengu kwa kupitia njia na watu. Mwaka 1527 mchungaji Johann Hess wa Breslau alimwuliza Luther kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Luther, ambaye tauni ilimkuta Wittenberg mwaka huo huo naye akabaki, alijibu kwa barua ndefu. Kwa maelezo yake, anayedharau dawa na tahadhari kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu anamjaribu Mungu. Na anayemkimbia jirani mgonjwa anayemhitaji anamkimbia Kristo. Barua hiyo yafaa isomwe tena na kila anayeandaa somo juu ya asteroidi, maana swali ni lile lile. Mtu anayekesha darubinini akihesabu njia za mawe anatimiza wito, sawasawa na mlinzi wa zamu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo kilichorushwa na Marekani kiligongeshwa kwa makusudi kwenye asteroidi ndogo Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, na muda wake wa kuizunguka asteroidi kubwa zaidi ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Ilikuwa mara ya kwanza mwanadamu kubadili mwendo wa jiwe la angani. Mkristo anaweza kushukuru kwa habari hiyo bila kuona imani yake imepunguzwa.

Kuna jambo la siku zile za Desemba 2004 ambalo hutajwa kwa nadra. Hesabu za Apophis zilipofika kileleni tarehe 27, dunia haikuwa na nafasi ya kuogopa, kwa sababu siku moja kabla tetemeko chini ya Bahari ya Hindi lilikuwa limeleta tsunami iliyoua watu zaidi ya 220,000. Mawimbi yalifika hadi pwani yetu: karibu watu 300 walikufa Somalia, na kadhaa Tanzania. Nchini Kenya, ambako habari ilitangulia kufika na watu wakaondolewa ufukweni, alikufa mtu mmoja. Jiwe lililokuwa likiogopwa lilipita mbali. Maji ambayo hakuna aliyeyahesabu yalifika. Na tofauti kati ya pwani na pwani ilitegemea kwa sehemu kama kuna mtu aliyepiga simu na mwingine aliyekwenda kuwaondoa watoto majini.

Kwa hiyo usharika unaotaka kufanya kitu juu ya maafa una kazi nyingi kabla ya kuzifikia asteroidi: nani ana namba za simu za wazee wanaoishi bondeni, nani huwajulisha wavuvi, ufunguo wa jengo la kanisa uko kwa nani mto unapofurika usiku. Hata somo la Chelyabinsk linatosha dakika moja katika kipindi cha vijana: ukiona mwanga mkali angani, ondoka karibu na dirisha.

Neno moja la tahadhari kwa wahubiri. Watu wengi hupenda kumtaja Luther kuwa alisema angepanda mtufaha hata kama angejua dunia inakoma kesho. Maneno hayo hayapatikani katika maandishi yake. Ushahidi wa kwanza wa kuandikwa kwake ni wa mwaka 1944, huko Ujerumani wakati wa vita. Wazo ni zuri, na lapatana na barua ile ya 1527, lakini tusimwekee mtu kinywani maneno asiyoyasema, hasa tunapowaonya wengine dhidi ya kumwekea Mungu kinywani tarehe asiyoitaja.

Jumapili itakayofuata, tarehe 15 Aprili 2029, kwa utaratibu wa zamani wa kalenda ya Kilutheri, ni Jumapili ya Mchungaji Mwema. Somo limekwisha kupangwa, nalo halihitaji kubadilishwa kwa ajili ya jiwe. Usiku wa Ijumaa, ambapo Apophis itapita karibu zaidi saa sita na dakika 46 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, wakazi wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataweza kuiona bila darubini, kama nyota hafifu inayosogea taratibu. Mchungaji mwenye vijana wa kipaimara anaweza kuwatoa uwanjani mapema jioni ile, pamoja na wazazi wao, na kuwaonyesha. Ila Aprili ni mwezi wa masika. Katika sharika nyingi za kwetu mbingu zitakuwa zimefunga, na mama yule wa mahindi atakuwa amelala, maana palizi huanza alfajiri.